Jinsi ya Kugombea Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Tangu kura zangu zisitoshe kwenye mchujo wa chama mwezi Machi, nimepigiwa simu na Waswahili wenzangu wanne wa hapa Texas wanaotaka kugombea Bodi ya Elimu ya Jimbo. Mmoja fomu yake ilikataliwa. Mwingine alichapisha fulana kabla ya kuwa na mweka hazina. Wawili walifanya kampeni ya nguvu kwenye harusi, vipaimara na misiba, halafu wakashangaa hesabu ya Machi. Mimi mwenyewe nilianguka kwenye mashimo mawili kati ya hayo matatu, kwa hiyo sikuwacheka.

Kila hatua hapa inategemea iliyotangulia, kwa hiyo fuata mpangilio. Neno "kanda" nitalitumia kwa eneo la uchaguzi la mjumbe wa bodi, ili lisichanganyike na "wilaya ya shule", ile inayoendesha shule za mtaani kwenu, ambayo ni kitu kingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Uraia wa Marekani na usajili wa mpiga kura ndani ya kanda yako. Grini kadi haitoshi. Na kama bado uko kwenye grini kadi, usijiandikishe kupiga kura hata kijana wa kampeni akikusukumia fomu mlangoni pa duka. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini.
- Umri wa miaka 26 au zaidi, na mwaka mzima mfululizo wa kuishi ndani ya kanda kabla ya uchaguzi. Aliyehamia mtaa wa pili juzi anaweza kuwa amevuka mpaka bila kujua.
- Usiwe na cheo kingine cha umma cha jimbo au cha serikali ya mtaa.
- Dola 300 za ada ya fomu, au sahihi 500 za wapiga kura badala yake.
- Mtu mmoja mwenye roho ya uhasibu. Huyu ndiye mweka hazina wako. Usimchague kwa undugu.
- Akaunti ya benki ya kampeni peke yake.
- Ramani ya kanda na orodha ya wapiga kura. Orodha inauzwa na ofisi ya Katibu wa Jimbo.
- Kazi inayokuruhusu kuondoka. Mjumbe wa bodi hana mshahara. Hurudishiwa gharama za safari, basi.

## Hatua ya 1: Jua kiti unachokiomba

Bodi ina wajumbe 15, kila mmoja kutoka kanda yake, kwa kipindi cha miaka 4. Inaweka viwango vya mtaala viitwavyo TEKS, yaani mtoto wa darasa la nne ajue nini katika hesabu, sayansi au historia. Inapitisha vitabu na vifaa vya kufundishia. Inaweka masharti ya kuhitimu sekondari. Ina sehemu yake katika Mfuko wa Kudumu wa Shule, ulioanzishwa 1854. Na inaweza kuizuia shule mpya ya chata (shule ya umma inayojiendesha nje ya wilaya ya shule) iliyopendekezwa na Kamishna wa Elimu. Kamishna mwenyewe anateuliwa na gavana.

Yasiyo yake ni mishahara ya walimu, basi la shule, chakula cha mchana, nani asome shule ipi, na adhabu aliyopewa mtoto wa fulani. Hayo ni ya bodi ya wilaya ya shule ya kwenu, au ya wabunge wa jimbo huko Austin, mji mkuu.

Jumamosi moja jioni nilimkuta bibi mmoja barazani kwake, mpira wa maji mkononi, anamwagilia maua. Nikajinadi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga maji, akauliza: "Basi la mjukuu wangu linachelewa dakika 40. Utafanya nini?" Nikaahidi kulishughulikia. Akatabasamu. "Mwanangu, hilo si la bodi unayoiomba. Nimefundisha miaka 31." Akafungua maji.

Jibu sahihi lilikuwa kumwambia simu ya kupiga ni ya wilaya ya shule, kisha kumweleza nini hasa kinachoamuliwa na kiti changu. Nilikuwa na mfano mzuri tu: Novemba 2024 bodi ilipitisha vifaa vya Bluebonnet, vyenye masomo yatokanayo na Biblia ndani ya masomo ya kusoma, kwa kura 8 dhidi ya 7. Wilaya ya shule inayovitumia hupata hadi dola 60 kwa kila mwanafunzi. Uwe unaviunga mkono au unavipinga, hapo kura moja ndiyo iliyoamua, na mpiga kura wa kawaida anaielewa hesabu hiyo kwa sekunde kumi.

Kabla ya kuendelea, tazama angalau kikao kimoja kizima cha bodi kwenye intaneti. Kinachosha, najua. Bora zaidi, nenda Austin, jiandikishe, utoe maoni mbele ya wajumbe. Utapata dakika chache tu, na utajifunza kubana maneno.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza kazi ya bodi kwa sentensi mbili kwa mtu ambaye tayari ameshika kitasa afunge mlango.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kupiga picha ya bango

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na mimi nikiwemo.

Sensa ya 2020 iliikuta Texas na watu kama milioni 29.1. Gawanya kwa kanda 15: kila moja ina watu kama milioni 1.94. Mbunge wa Texas anayekwenda Washington anawakilisha watu kama 767,000. Kwa hiyo unaomba kiti kisicho na mshahara, chenye watu mara mbili na nusu ya wale wa mbunge wa Kongresi. Kama uko mjini, Dallas au Houston, angalau unaweza kuvuka kanda kwa gari kabla ya chai kupoa. Walioko magharibi, upande wa Lubbock na Amarillo, wanaendesha siku nzima na bado wako kwao.

Sasa fanya hivi:

1. Chukua matokeo ya mchujo uliopita wa chama chako kwenye kanda yako, kwa kiti hikihiki.
2. Jumlisha kura zote zilizopigwa kwa kiti hicho.
3. Gawanya kwa mbili, ongeza moja. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike kwenye karatasi, ibandike juu ya friji.

Tuseme, kwa mfano tu, kura zilikuwa 80,000. Unahitaji 40,001. Mimi nikigonga milango nilikuwa naongea na watu sita hivi kwa saa. Kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 6,600. Ukifanya saa 20 kila wiki, utamaliza baada ya miaka sita na ushee, na hapo kila uliyeongea naye awe amekubali.

Kanda hii haitembeleki kwa miguu. Na Waswahili wote wa mji wako, ukiwajumlisha na Wakongo, Warundi na Wakenya wa makanisa yote, hawafiki hiyo namba. Wengi wao hawana uraia bado, wengine wana uraia lakini hawajawahi kupiga kura ya mchujo. Jumuiya yetu haitakupa kura za kutosha. Itakupa watu wa kazi: wa kupiga simu, kubandika mabango, kupika, kuendesha gari, kukushika mkono ukichoka. Ukiwahesabu kama kura, umepoteza kura na umepoteza na wafanyakazi.

Jambo la pili la kuhesabu ni chama. Ukitaka kura za Novemba kwa tiketi ya chama kikubwa, lazima kwanza ushinde mchujo wake mwezi Machi. Kanda nyingi zimechorwa hivi kwamba chama kimoja hakishindwi Novemba. Hapo mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Nyumbani Tanzania tulikuwa na msemo kuwa wajumbe, yaani wapiga kura wa ndani ya chama, si watu. Huku mjumbe ni yeyote anayetoka nyumbani Machi, na hao ni wachache kuliko unavyodhani.

Texas haina kadi ya chama wala usajili wa chama. Mpiga kura akifika kituoni anasema leo anapiga mchujo wa chama gani. Lakini kumbukumbu ya kwamba alishiriki mchujo wa chama fulani hubaki kwenye orodha ile ya wapiga kura (usiinunue kabla ya kumteua mweka hazina, Hatua ya 3). Siri ni jina alilolichagua tu. Chuja orodha upate waliopiga mchujo wa chama chako mara mbili au tatu mfululizo. Hao ndio watu wako.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja kwenye friji na orodha moja kwenye kompyuta, na orodha hiyo haina shangazi zako.

## Hatua ya 3: Mweka hazina kwanza, senti baadaye

Kabla hujapokea dola moja, kabla hujanunua hata kalamu ya kampeni, peleka fomu ya kumteua mweka hazina kwenye Tume ya Maadili ya Texas. Sheria iko wazi: bila mweka hazina hakuna kupokea wala kutumia.

Yule ndugu wa fulana alidhani kwa kuwa alitumia hela yake mwenyewe haimhusu. Inamhusu.

Fomu hiyo ikishaingia, unadaiwa ripoti za mapato na matumizi: 15 Januari, 15 Julai, na ukiwa na mpinzani, siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Ziandike kwenye kalenda ya ukutani, si kwenye simu. Kuna pia taarifa ya mali zako binafsi. Tarehe yake iulize Tume siku ileile unayoteua mweka hazina, uiandike kalamu nyekundu.

## Hatua ya 4: Kuchangisha bila kujichongea

Sisi tunajua kuchanga. Ukiitisha kikao cha harusi watu wanaandika ahadi kwenye daftari kabla ya chai. Tatizo ni kwamba taratibu zetu nyingi za kuchanga, kwenye siasa za huku, ni makosa.

Beseni la noti. Mchango wangu wa kwanza ulifanyika ukumbini. Mama mmoja akatandika kanga juu ya meza, akaweka beseni, watu wakapita wanacheza na kudondosha noti. Raha tupu. Mweka hazina wangu akasimama pembeni, amekunja uso, akaniambia: "Nani ametoa nini?" Hakuna aliyejua. Kila mchango lazima uwe na jina na anwani, na mtu mmoja haruhusiwi kukupa pesa taslimu zaidi ya dola 100 ndani ya kipindi kimoja cha ripoti. Tulizima muziki. Tukarudisha noti zote, mtu kwa mtu, kadiri kila mmoja alivyosema ametoa, kisha tukaanza upya na hundi na kadi. Ilichukua saa mbili na baadhi ya wageni waliondoka wamenuna.

Mjomba wa nyumbani. Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye raia na asiye na grini kadi kuchangia uchaguzi wowote, wa taifa, wa jimbo au wa mtaa. Mjomba aliyeko Mbeya hawezi kukutumia kitu. Mwanafunzi mwenye viza hawezi. Mwenye grini kadi anaweza. Wala usimwambie mjomba atume kwa binamu aliyeko Houston ili binamu achangie kwa jina lake; hilo ni kosa juu ya kosa. Mjomba wangu hakuongea nami miezi miwili. Nilimweleza kwamba asiyeruhusiwa kutoa pesa bado anaweza kujitolea nguvu zake bila malipo, akaniuliza atagongaje milango ya Texas akiwa Mbeya.

Hundi ya biashara. Korporesheni haziruhusiwi kumchangia mgombea wa kiti hiki. Mwenye mgahawa au kampuni ya kusafirisha makontena akitaka kusaidia, aandike hundi yake binafsi. Pilau ya bure kutoka mgahawani nayo ni mchango. Nunua, chukua risiti.

Kanisa na msikiti. Lipia ukumbi. Usimwombe mchungaji wala imamu atangaze kuwa waumini wakupigie kura. Waombe ruhusa ya kusalimia watu nje baada ya ibada, inatosha kabisa.

Upande mzuri ni kwamba kwa kiti hiki hakuna kikomo cha kiasi mtu mmoja anachoweza kukupa kwa hundi. Kwa hiyo usione haya kuomba. Piga simu mwenyewe, taja kiasi, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Utajua umefaulu mweka hazina akiweza kukusomea kila jina, tarehe na kiasi bila kukuuliza kitu.

## Hatua ya 5: Fomu

Dirisha la kupeleka fomu ya kugombea hufunguliwa siku 30 kabla ya Jumatatu ya pili ya Desemba na kufungwa siku hiyo, saa 12 jioni. Kwa uchaguzi wa 2026 ilikuwa 8 Novemba hadi 8 Desemba 2025. Kama kanda yako ina kaunti zaidi ya moja, fomu inakwenda kwa mwenyekiti wa chama wa jimbo. Ikiwa ndani ya kaunti moja, kwa mwenyekiti wa kaunti.

Fomu inaapiwa mbele ya notari, yaani mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Yule mwenzetu aliyekataliwa alisaini vizuri, akasahau kiapo, akapeleka siku ya mwisho alasiri. Dirisha likishafungwa, fomu haisahihishwi. Peleka wiki ya kwanza ili ikirudi upate muda wa kuirekebisha.

Jina nalo lifikirie. Cheo hakiruhusiwi kwenye karatasi ya kura: hakuna Daktari, Mchungaji wala Mwalimu. Jina la utani linaruhusiwa, mradi halizidi herufi 10, umejulikana nalo kwa miaka 3 au zaidi, na si kaulimbiu. Kama kazini wamekuita "Joe" tangu 2015, litumie, hakuna dhambi. Mimi niliacha jina langu kamili, na sijutii, ingawa nililisikia likitamkwa kwa namna kumi na moja.

## Hatua ya 6: Mabango

Fupi, lakini ghali ukikosea. Kila tangazo liandikwe kuwa ni tangazo la kisiasa, na jina la aliyelilipia. Bango la kuchomeka ardhini liwe na onyo la kisheria kuhusu hifadhi ya barabara, na usilichomeke kwenye hifadhi hiyo.

Na kuna neno moja dogo. Kama kiti si chako bado, huruhusiwi kuandika jina lako na jina la kiti kana kwamba umeshakikalia. Lazima neno "for" litangulie jina la kiti, na herufi zake zisiwe chini ya nusu ya ukubwa wa herufi za kiti hicho. Mchapaji wangu aliliona ni dogo halipendezi, akalififisha. Mabango 200 yakarudi kiwandani, kwa gharama yangu, kwa kuwa niliyapitisha mwenyewe kwa simu nikiwa kwenye foleni ya barabarani.

Picha moja, jina kubwa, kiti, basi. Sera ziweke kwenye kipeperushi.

## Hatua ya 7: Kutafuta kura pale zilipo

Kwa kuwa huwezi kumfikia kila mtu, wafikie wanaosikilizwa.

Anza na vikundi vya chama vya kila kaunti na viongozi wa chama wa kila eneo la kupigia kura. Mikutano yao ina watu 15 na kahawa mbaya, lakini hao 15 kila mmoja ana majirani wanaomuuliza "hiki kiti cha elimu nimpe nani?" Mwaka mzima wanasubiri swali hilo.

Pili, jibu kila dodoso. League of Women Voters, shirika la kuelimisha wapiga kura, wana mwongozo wao. Mgombea asiyejibu huonekana hapo bila majibu, na mpiga kura anatafsiri ukimya atakavyo. Chama cha walimu cha ATPE nacho huwauliza wagombea wa bodi hii msimamo wao kupitia tovuti yake ya Teach the Vote. Walimu wanasoma. Andika majibu yako mwenyewe, kwa maneno ya darasani.

Tatu, simu na barua kwa ile orodha iliyochujwa. Hapa ndipo jumuiya yetu inang'ara. Watu wangu nane walipiga simu kila Jumanne na Alhamisi kutoka sebuleni kwetu, chai ya tangawizi katikati. Lafudhi zetu nilizihofia. Kumbe mtu akisikia lafudhi ngeni inayoongelea vitabu vya watoto wake kwa heshima, mara nyingi anasikiliza kuliko sauti ya kurekodiwa.

Tahadhari: usiahidi kuongeza mishahara ya walimu. Utapigiwa makofi ukumbini na kuumbuliwa kwenye maswali.

## Hatua ya 8: Kura ya mapema na siku yenyewe

Usajili wa wapiga kura hufungwa siku 30 kabla. Kwa kanuni ya mchujo wa 2026, kura ya mapema ya ana kwa ana ilipaswa kuanza siku ya 17 kabla ya uchaguzi na kuisha siku ya nne kabla. Siku ya kuanza ikiangukia wikendi au sikukuu, husogezwa. Mwaka 2026 mchujo uliangukia 3 Machi, na kura ya mapema ilianza 17 Februari. Panga simu zako zote ziishe kabla ya hapo. Mimi niliweka nguvu zote siku ya mwisho, nikakuta wengi niliowapigia wameshamaliza.

Nje ya kituo kuna alama ya futi 100, kama mita 30. Ndani ya alama hiyo usifanye kampeni, wala usiingie na fulana yako. Kaa nje ya mstari, simama upande wenye kivuli, salimia. Sema sentensi moja: kiti cha Bodi ya Elimu kiko chini kwenye karatasi, baada ya majaji wa mahakama za juu za jimbo, tafadhali shuka mpaka hapo. Tangu 2020 Texas haina tena kitufe cha kuchagua chama kizima kwa mara moja, kwa hiyo hata Novemba mtu anayechoka katikati anakuacha bila kura.

Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wawili wa juu wanarudi Jumanne ya nne ya Mei. Wapiga kura wa Mei ni wachache zaidi. Usile pesa yote Machi.

## Hatua ya 9: Baada ya matokeo

Ukishinda mchujo, rudi Hatua ya 7 ukiwa na orodha pana zaidi. Kura zikikataa, ng'oa mabango, mpigie simu aliyeshinda, waache watu wako walale.

Pesa iliyobaki si yako. Unaweza kuwarudishia waliochanga, kukipa chama au shirika la hisani, lakini si kulipia kodi ya nyumba. Ukimaliza, mweka hazina apeleke ripoti ya mwisho Tume ya Maadili. Mpaka hiyo iingie, ripoti za Januari na Julai unaendelea kudaiwa, hata kama akaunti inasoma sifuri.